Jua, Unga Mweupe na Maji ya Delta

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, kama ilivyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Kibiti, katika sherehe ya miaka 10



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kutueleza habari za korosho na ufuta, za maghala na mizani, na jinsi stakabadhi ghalani zilivyopunguza nguvu za wanunuzi wa kangomba. Nasi twawashukuru. Sehemu tuliyopewa sisi wa ofisi ya Katibu haikuwamo katika masharti ya chama siku kilipoandikishwa miaka 10 iliyopita. Ni habari ya maji ya kunywa.

Jambo hili limetufikia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni barua za vyama vya msingi vya delta, ambazo zote zasema neno moja. Msimu wa mpunga watu huhamia mashambani, wakakaa katika madungu wiki nyingi wakilinda mpunga na ndege na nguruwe, na maji wanayokunywa ni ya mto au ya kidimbwi kilicho karibu. Mtoto akianza kuhara huko, zahanati iko mbali, na mtumbwi hauna budi kungoja maji yajae. Mlango wa pili ni mfanyabiashara mmoja, ambaye jina la kampuni yake tunaliacha, aliyekuja na chombo cha kioo kilichopakwa unga mweupe. Alisema kwamba chombo hicho kikiwekwa juani husafisha maji yote, bila kuni, bila umeme wala dawa. Ameomba chama kinunue vyombo hivyo kwa fedha za mfuko wetu wa maendeleo, yaani yale makato ya kila kilo ya korosho iliyopita katika maghala yetu.

Kesho asubuhi mtapiga kura. Fedha ni zenu, na matumbo yatakayoyanywa maji hayo ni yenu. Kwa hiyo twapenda mjue jambo lenyewe lilivyo, ili anayekubali akubali kwa kujua, na anayekataa akatae kwa kujua vile vile.

Tuanze na jua, maana jua ndilo lenye kazi kubwa. Mwaka 1877, huko Uingereza, mabwana wawili, Downes na Blunt, waliweka mirija ya kioo yenye maji ya virutubisho juani, na mingine wakaifunika isipate mwanga. Iliyofunikwa ikachachuka na kujaa vijidudu, na iliyoachwa wazi ikabaki safi. Hivyo ilijulikana kwamba mwanga wenyewe, wala si joto peke yake, huua vijidudu. Elimu hiyo ililala muda mrefu bila kuwafaa watu wa vijijini, hata Profesa Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nchini Lebanoni, alipoonyesha katika miaka ya mwanzo ya 1980 kwamba chupa ya kawaida iliyojaa maji na kuachwa juani yatosha. Kuanzia mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag waliifanyia kazi njia hiyo, wakaieneza katika nchi nyingi.

Sehemu ya mwanga iuayo hatuioni kwa macho. Huitwa urujuanimno, nayo ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 hivi ya nguvu ya jua inayotufikia. Hupenya chupa nyeupe ya plastiki ya maji ya kunywa, bali kioo cha dirisha huizuia sehemu yake kubwa, na maji ya matope huizuia kabisa. Neno hili la matope tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo penye shauri letu lote.

Ama ule unga mweupe, asili yake ni madini yaitwayo titani, yakiwa yameungana na oksijeni. Mwaka 1967 kijana Akira Fujishima, aliyekuwa mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, aliweka kipande cha madini hayo majini akakimulika, akaona mapovu ya hewa yakitoka. Maji yalikuwa yakipasuliwa kwa mwanga. Habari hizo walizitangaza mwaka 1972 katika jarida la Nature, na mwaka 1985 Mjapani mwingine, Tadashi Matsunaga, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba unga wa namna hiyo ukimulikwa ndani ya maji huua vijidudu.

Kazi yake ni hii. Mwanga ukigonga chembe ya unga, hung'oa elektroni moja mahali pake, na pale ilipong'oka hubaki pengo. Pengo lile lina njaa, nalo huyanyang'anya maji yaliyo karibu. Na elektroni iliyong'oka huishika oksijeni iliyomo majini. Hapo huzaliwa vitu vikali sana, vyenye maisha mafupi kuliko kupepesa jicho, ambavyo huchoma ngozi ya kijidudu mpaka ikatoboka. Unga wenyewe hauliwi katika kazi hiyo. Wenye elimu huita kitu cha namna hiyo kichocheo. Nasi twaweza kuufananisha na mchi: hutwanga mpunga wa leo na wa kesho, wala mpunga hauumalizi mchi. Lakini mchi ukiingiwa na utando wa pumba iliyoganda hautwangi vizuri, na unga huu nao huwa hivyo hivyo ukifunikwa na uchafu.

Wala titani si kitu cha mbali nasi. Mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa ajili ya madini hayo kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, ukapakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya titani ya dunia hugeuzwa kuwa rangi nyeupe ya kupaka nyumba, na yawezekana kabisa kwamba ukuta huu mnaoutazama nyuma yetu unao unga huo. Asije mtu akaenda kukinga maji ya ukutani! Watengenezaji wa rangi huifunika kila chembe kwa ganda jembamba, ili jua lisiifanye ile rangi yenyewe.

Basi unga huu ni elimu ya kweli, wala si uganga. Umejaribiwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa jua karibu na Almería, kusini mwa Hispania, ukiwa umechanganywa na maji, au umegandishwa juu ya karatasi na kioo. Ukichanganywa na maji hufanya kazi kwa kasi, hata huvishinda vijidudu vigumu ambavyo jua peke yake huchelewa kuviua. Lakini ukiisha kazi ni lazima uutoe katika maji, na chembe zake ni ndogo hata kanga iliyokunjwa mara nne haizizuii. Ukigandishwa juu ya kioo, taabu ya kuuchuja yaondoka, lakini nguvu yapungua, kwa sababu sasa kijidudu ndicho hakina budi kuufuata unga. Chombo cha yule mfanyabiashara ni cha namna hii ya pili.

Sasa twapenda kuwapeleka kwa jirani zetu wa Kajiado, nchini Kenya, maana huko ndiko jua lilikopimwa juu ya watoto wenyewe, wala si juu ya mirija ya maabara. Katika miaka ya 1990, Dakta Ronan Conroy, Kevin McGuigan na wenzao, kutoka chuo cha madaktari wapasuaji cha Dublin, Ireland, waliwapa Wamaasai chupa za plastiki. Nyumba nyingine ziliambiwa ziweke chupa za maji juu ya paa tangu asubuhi, na nyingine zikaambiwa ziziweke ndani. Maji yalikuwa yale yale. Majibu ya kwanza yalitangazwa mwaka 1996: watoto wa chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa ya kushangaza, lakini ilikuwako.

Baadaye kipindupindu kikaingia katika sehemu hiyo hiyo. Madaktari walirudi wakahesabu, wakatangaza hesabu yao mwaka 2001. Katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua kipindupindu walikuwa 3. Katika watoto 144 wa umri huo waliokunywa maji yaliyowekwa ndani, waliougua walikuwa 20. Kwa watu wakubwa kuliko hao haikuonekana tofauti ya maana, nasi twalitaja jambo hilo kwa sababu anayewaletea hesabu nzuri peke yake amewaficha nusu. Lakini wazazi mliomo humu mnaokumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu, mtafahamu wenyewe uzito wa 3 na 20.

Twaomba mwangalie neno moja katika habari hiyo ya Kajiado. Hapakuwa na unga mweupe. Palikuwa na chupa, paa na jua.

Majaribio mengine yalifanywa Nakuru, na majibu yake ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba siku za kuhara damu zilipungua kwa watoto. Kinyume chake, huko Bolivia, katika bara la Amerika ya Kusini, majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2009 hayakuonyesha faida iliyo dhahiri. Na walipotazama vizuri waliona kwamba watu walizitumia chupa kwa kadiri ya asilimia 32 tu. Chupa iliyolala uvunguni haiui kitu. Mama mmoja wa Mbwera alituambia jambo hilo kwa maneno mafupi kuliko ya wataalamu, akisema, "Nyie wa ofisini, chupa 12 kila siku nani atazipanga, nani atazilinda na mbuzi, na mimi niko shambani?" Swali lake ni la haki, wala Bodi isipite juu yake.

Turudi nyumbani. Maji yetu ni ya namna gani? Sisi wa delta tunayo maji mengi kuliko ndugu zetu wa nchi kavu, tukazungukwa nayo kila upande, na mwaka 2024 mafuriko yakayaleta hata katika mashamba yetu. Tunachokosa ni maji ya kunywa. Mto Rufiji huja na udongo wake, na ndio huo unaotupa mpunga. Maji ya vijito vya mikoko yana rangi ya chai kwa ajili ya magome na majani yaliyooza. Na wakati wa kiangazi, mto unapopungua, bahari hupanda katika vijito, hata visima vya visiwani vikaingiwa na chumvi, na watu wakaenda kwa mitumbwi kutafuta maji matamu huko juu. Udongo, rangi na chumvi ni maadui watatu, na kila mmoja ana shauri lake.

Udongo huzuia mwanga. Kipimo chake ni rahisi, wala hakihitaji maabara. Chukua chupa iliyojaa maji, isimamishe juu ya gazeti, kisha tazama kwa juu kupitia mdomo wa chupa hadi chini. Ukizisoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yanafaa kwenda juani. Usipozisoma, jua litaua vijidudu vya pembeni, na vya katikati vitakaa kivulini wakikucheka. Maji ya namna hiyo hayana budi kutulizwa kwanza. Wazee wetu walitia shabu, na wengine hutia mbegu za mlonge zilizopondwa, ambazo hushikamanisha udongo ukazama chini. Kisha yakachujwa kwa kitambaa safi. Njia hizo ni nzuri, lakini maji ya mlonge yasikae sana, kwa sababu mabaki ya mbegu huwa chakula cha vijidudu vitakavyobaki.

Rangi ya mikoko ni adui wa unga kuliko wa chupa. Vile vitu vikali vinavyozaliwa na unga havichagui. Huchoma lolote lenye asili ya uhai lililo karibu. Maji yakiwa na majani yaliyooza, nguvu yao huishia katika kuchoma rangi ya majani, na kijidudu kikapita salama. Tena chumvi na magadi yaliyoyeyuka majini huvipunguza nguvu.

Ama chumvi yenyewe, tusemeane wazi: wala jua katika chupa wala unga mweupe hauiondoi. Maji ya chumvi yakikaa juani mwezi mzima yatabaki ya chumvi.

Mambo hayo hatukuyasoma tu. Yule mfanyabiashara alipokuja kutuonyesha chombo chake, alichota maji ya bomba ya hapa Kibiti, ambayo yalikuwa meupe tangu mwanzo. Tukamwomba atumie maji ya madumu mawili tuliyokuwa tumeyaagiza, moja kutoka kijito karibu na Nyamisati wakati maji yamejaa, na la pili kutoka shamba la mpunga. Akakubali kwa moyo mwema, na chombo kikakaa juani tangu saa 3 hadi saa 9. Maji ya Nyamisati yalipotoka, mzee mmoja wa Bodi alitia ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Bwana, chumvi iko palepale." Maji ya shambani yalitoka na rangi yake ile ile. Mwenye chombo akasema rangi si kitu, vijidudu vimekwisha kufa. Tukamwuliza, vimehesabiwa na nani? Akatoa karatasi ya maabara ya nchi nyingine. Tuliisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Maji yaliyopimwa yalikuwa maji safi yaliyotiwa vijidudu kwa makusudi, hayakuwa na udongo, wala jani, wala chumvi.

Hatumwiti mwongo. Karatasi yake ilisema kweli juu ya maji ya karatasi yake. Lakini mfuko wetu hauwezi kununua kweli ya maji ya mahali pengine. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 lina mpango wa kuvipima vyombo vya kusafishia maji majumbani, na huvipima kwa vijidudu vya aina tatu: bakteria, virusi, na vile vijidudu vikubwa zaidi viitwavyo protozoa. Chombo kilichofaulu hupewa alama. Tuliuliza alama ya chombo hiki, tukaambiwa kwamba bado hakijapelekwa.

Mtu asidhani kwamba tunaidharau elimu mpya, au kwamba ni mali ya wageni. Dakta Askwar Hilonga, Mtanzania, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela huko Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na zawadi yake ilikuwa pauni 25,000. Chujio lake si la mwanga. Hutumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa kufuata uchafu wa maji ya mahali panapohusika. Twalitaja kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Yeye aliuliza kwanza maji ya mahali yana nini, kisha akatengeneza chombo.

Basi Bodi yawaletea shauri gani? Twaona kwamba fedha za kwanza ziende katika mifereji ya kukingia mvua na matangi, katika maghala yetu wenyewe, kisha katika paa za bati za shule na zahanati za delta kwa kupatana na serikali za vijiji na wenzetu wa RUWASA, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye dhamana ya maji vijijini. Mvua haina chumvi. Haina udongo. Haina rangi ya mikoko. Maadui wote watatu tumewaruka kwa mara moja, bila kupigana nao.

Hesabu yake kila mkulima aweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati huleta lita 1. Ghala lenye paa la mita 10 kwa 20 lina mita 200 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika huweza kunyesha kwa usiku mmoja, italeta lita 10,000, ukiacha zinazopotea. Kinachotupungukia si mvua, ni mahali pa kuiweka. Na tangi la lita 10,000 halifanyi miujiza: kwa lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, litawatosha watu 30 kwa siku 111, yaani karibu na kiangazi chote kuanzia Juni hadi Septemba. Halitoshi kijiji. Litatosha familia chache, au wagonjwa wa zahanati, au watoto wadogo peke yao kama kijiji kikiamua hivyo. Ndiyo maana tumesema paa nyingi, wala si ghala moja. Na ndiyo maana maji hayo yawe ya kunywa tu. Atakayefulia nguo maji ya tangi la chama ajibu mbele ya mkutano wa kijiji.

Lakini maji ya paa nayo yana vijidudu. Ndege hukaa juu ya bati, popo, panya, na vumbi la barabara. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe. Yaliyobaki huwa meupe, yenye kusomeka gazeti, na hapo ndipo jua linapofaa kuliko mahali pengine popote. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilishiriki katika mradi wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2016, uitwao WATERSPOUTT, ambao ulijaribu kuyatibu kwa jua maji ya mvua yaliyokingwa. Na katika mradi huo huo, huko Ethiopia, yalijaribiwa madumu meupe ya lita 25 yapitishayo mwanga, ili mama asiwe na chupa nyingi za kupanga. Jibu la mama wa Mbwera huenda likatoka huko.

Hadi madumu ya namna hiyo yatakapopatikana kwa bei ya mkulima, chupa ndizo tulizonazo. Ziwe nyeupe, zisizozidi lita 2, zisizokwaruzwa hata zikawa na ukungu. Zilazwe juu ya bati, si zisimamishwe, kwa saa 6 za jua. Siku ya mawingu matupu ni siku 2 mfululizo. Siku ya mvua njia hii haifai, na mtu achemshe maji au atie dawa ya klorini. Maji yakinywewa yanywewe kutoka chupa ile ile, kwa sababu jua haliachi ulinzi nyuma yake kama klorini inavyoacha; ukiyamimina katika mtungi wenye kata chafu umeirudisha kazi mwanzo. Katika madungu ambako hakuna paa la bati, kipande kimoja cha bati kikuukuu kilichowekwa ukingoni mwa ulingo chatosha. Bahati yetu ni kwamba wakati wa kuvuna mpunga ndio wakati wa jua.

Wengine wameuliza kama plastiki ikipata jua haitoi sumu. Ni swali la busara. Chupa za maji za kawaida zimepimwa kwa matumizi ya namna hii, na vipimo havikuonyesha kiasi cha kudhuru. Chupa zilizotiwa dawa ya mimea au mafuta ya taa zisitumike hata zikioshwa mara 100.

Ama unga mweupe, hatusemi ukataliwe. Twasema upewe nafasi pale ambapo waweza kuonyesha kazi yake. Kama unafaa popote katika delta, utafaa chini ya tangi la mvua, ambako maji ni meupe, hayana chumvi wala majani ya kuula nguvu. Na hapo swali si kama unga waua vijidudu. Swali ni kama wazidi chupa tupu kwa kadiri inayolingana na bei yake. Maana chupa tupu ni ya bure, na mwenye kutaka kuishinda bure ana kazi.

Kwa hiyo masharti tuliyoyaandika ni haya. Mfanyabiashara alete vyombo 3, kwa gharama zake. Viwekwe katika maghala 3 tutakayoyachagua sisi, karibu na chupa zisizo na unga, siku moja, maji mamoja, jua moja. Maji yachukuliwe kabla na baada, yapelekwe katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, na kipimo kiwe kile kinachojulikana, kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja wa vijidudu viitwavyo E. coli. Jaribio lifanywe mara moja wakati wa masika na mara moja wakati wa kiangazi, ili tuone siku ya mawingu na siku ya jua kali. Kioo kipimwe tena baada ya miezi 6, kwa ajili ya ule utando tuliousema. Vijana wawili kutoka kila chama cha msingi wafundishwe kuchukua maji kwa usafi, maana dumu la kuchukulia likiwa chafu, maabara itapima uchafu wa dumu. Mpaka majibu yatakapokuja, hakuna shilingi ya korosho itakayotoka kwa ajili ya unga. Fedha za mifereji na matangi zisingoje majaribio hayo, kwa sababu vuli haitangoja.

Tumeambiwa kwamba wajumbe wa vyama vya nchi kavu, wa huku Bungu na Mjawa, wanauliza kwa nini korosho yao inunue matangi ya delta. Wana haki ya kuuliza, na hesabu ya mfuko imebandikwa ukutani ili waione. Sisi wa ofisini twaona kwamba maghala ya kwanza yawe 4 ya delta na 2 ya nchi kavu, kwa kuwa visima vya huko juu havina chumvi. Lakini jambo hilo ni la kura yenu, si la kalamu yetu.

Masharti yote yako mezani kwa karani, nakala moja kwa kila chama cha msingi. Mjumbe anayetaka kuongeza neno au kuliondoa alete maandishi kabla ya saa 2 asubuhi. Kura itaanza saa 3, na madumu yale mawili, la Nyamisati na la shambani, yatakuwa hapa mbele kwa anayetaka kuyatazama.